Milimita Mia Moja na Arobaini

Kuna nchi moja ambayo sitaitaja, kwa sababu ninyi mnaijua na mimi bado naihitaji shingo yangu. Ni nchi nzuri sana. Ina amani ya kutosha, na pale isipotosha jeshi huongeza. Katika nchi hiyo kesho ni mali ya serikali, kwa hiyo raia haruhusiwi kusema hali ya hewa ya kesho bila kibali. Si kusema tu. Kutembea na mwavuli siku ya jua ni utabiri. Kuanua nguo kambani kabla tone la kwanza halijaanguka ni utabiri wa vitendo, kosa kubwa zaidi, maana majirani wanaweza kuiga.

Bi Hadiya wa Bonde la Chungwe aliijua sheria hiyo, lakini siku moja ya mwezi wa tatu aliona wingu jeusi, akajisahau, akaanua kanga zake mbili. Askari wa doria alimpiga mdomoni kwa kitako cha bunduki. Meno manne ya mbele yakabaki kwenye beseni la nguo. Dakika kumi baadaye mvua ikanyesha, na askari yule, aliyekuwa mtu wa adabu, akamshika bibi mkono akamwingiza barazani asilowe.

Habari hiyo ndiyo iliyomfanya Dakta Zawena Mkilindi aombe kazi chuo kikuu. Zawena alizaliwa bondeni humo. Bi Hadiya alikuwa jirani aliyemlea na kumfundisha kusuka ukili, na mama yake Zawena, Bi Mosi, alikuwa bado anaishi pale pale, nyumba ya tatu chini ya ukuta wa Bwawa la Shukrani. Ukuta huo ulikuwa na ufa ambao mtu angeweza kupenyeza mkono hadi begani. Kisheria ufa haukuwepo. Mhandisi aliyeupima alitumika kuuziba, na inasemekana alizuia maji kwa wiki mbili nzima.

Zawena alikuwa amepiga hesabu zake kimya kimya. Siku itakaponyesha mvua ya zaidi ya milimita mia moja kwa asubuhi moja, ukuta utakwenda, na watu elfu arobaini na moja watakwenda nao, mama yake akiwa miongoni mwa wa mwanzo. Nchi nzima ni mtu mmoja tu aliyeruhusiwa kutamka mvua ya kesho: Mtafiti Mwandamizi wa Mifumo ya Tabianchi na Utabiri wa Kitakwimu. Na nafasi hiyo ilikuwa wazi.

*

Ilikuwa wazi kwa sababu Profesa Kilewela, aliyekuwa akiishika, alikuwa amesahihishwa.

Hapa inabidi nieleze utaratibu, maana wageni huushangaa. Mtabiri akikosea husahihishwa kwa kiboko, hadharani, mbele ya wanataaluma wenzake waliovaa majoho. Zamani kilikuwa kiboko kimoja kwa kila milimita ya tofauti kati ya mvua iliyotabiriwa na mvua iliyopimwa. Wanatakwimu wa chuo wakalalamika. Walisema huo ni ushamba, kwamba wataalamu wa kweli huzidisha kosa kwa kosa lenyewe ili makosa makubwa yaonekane makubwa. Seneti ikakaa siku mbili, ikala biriani, ikapitisha: tofauti izidishwe kwa yenyewe kwanza, kisha mtabiri achapwe. Ukikosea milimita mbili, viboko vinne. Ukikosea kumi, mia moja. Wajumbe wakajipigia makofi kwa kuiingiza nchi katika sayansi.

Profesa Kilewela alitabiri milimita kumi, zikanyesha kumi kamili. Bahati mbaya siku hiyo wingu lilisimama juu ya gwaride, na jeshi likaamriwa kulitawanya kwa bunduki. Risasi zilikwenda juu, zikafanya kazi yake, zikarudi. Watu kumi na tisa walikufa sokoni wakichagua nyanya. Magazeti yakaandika kwamba ilikuwa mvua ya mawe. Risasi nyingine zilitumbukia katika kipimo cha mvua cha taifa, ambacho ni kopo la shaba lenye mdomo wazi lililosimamishwa kwenye bustani ya chuo. Zikakaa chini, maji yakapanda juu yake, na afisa aliyekuja kusoma akasoma milimita ishirini na tisa. Tofauti kumi na tisa. Kumi na tisa mara kumi na tisa, mia tatu sitini na moja.

Profesa alikata roho kwenye kiboko cha mia mbili na kumi na mbili. Kanuni hairuhusu hesabu kubaki nusu, kwa hiyo mia moja arobaini na tisa vilivyosalia vikachapwa kiti chake cha ofisini, mpaka mguu mmoja ukavunjika. Kisha, ili ajali ya namna ile isirudie, kipimo cha taifa kikawekewa kifuniko cha chuma chenye kufuli, na ufunguo akakabidhiwa Waziri wa Anga na Utulivu. Tangu siku hiyo kopo halikuingia risasi hata moja. Wala tone.

*

Usaili ulifanyika ghorofa ya tatu. Mwombaji wa kwanza alikuwa ametumia neno "huenda" katika barua yake, akatolewa kupitia dirishani. Zawena aliingia wakati wafagizi wakiwa bado chini na ndoo.

Mezani alikuwepo Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Sudi Mkamba, mtu mnene mwenye sauti ya upole aliyependa kumung'unya peremende. Kando yake aliketi Makamu Mkuu wa Chuo, Profesa Gwandumi, ambaye zamani alikuwa mwanafizikia, kabla hajapona.

"Dakta," alisema Waziri, "tuseme nimekuuliza habari za kesho. Utanijibu nini?"

"Nitasema, kwa mfano, mvua asilimia sabini."

Waziri akaacha kumung'unya. "Na thelathini iliyobaki ni ya nani?"

"Si ya mtu, Mheshimiwa. Ni kiasi cha kutokuwa na hakika."

"Katika nchi hii kila kitu kina mwenyewe. Leo unaniambia asilimia thelathini ya anga letu imekaa tu haina mwenyewe, na wewe unanichekea?"

Zawena hakuwa akicheka, ni meno yaliyokuwa yakigongana. Askari aliyesimama nyuma yake akampiga kofi, dogo tu, la utangulizi. Sikio likalia kama king'ora. Profesa Gwandumi akakohoa.

"Mheshimiwa, hiyo ni lugha aliyoitoa huko masomoni. Hapa kwetu atarekebishika."

"Asilimia mia, Mheshimiwa," alisema Zawena, damu ikimchuruzika puani. "Nitasema asilimia mia."

Akapata kazi. Barua ya uteuzi ilikuwa na ua limechorwa pembeni.

*

Ofisini alikuta kiti cha marehemu, miguu mitatu na rundo la vitabu mahali pa mguu wa nne. Chumba cha pili, nyuma ya ubao mwembamba, kilikuwa cha Bwana Njaidi, Afisa Usahihishaji. Siku ya kwanza alibisha hodi kwa heshima, akaomba radhi, akampima Zawena mgongo kwa futi ya fundi cherehani na kuandika vipimo katika daftari.

"Ni maandalizi tu, dakta, usinielewe vibaya. Siku hizi kazi hakuna. Kopo limefunikwa, linasoma sifuri. Ukisema sifuri, tofauti sifuri. Sifuri mara sifuri, haya, mimi na wewe tunakunywa chai. Marehemu hakuipata bahati hii."

Njaidi pia alikuwa mtu wa Chungwe. Mkewe na mbuzi wake kumi na mmoja walikuwa huko. Alikuwa mtu mzuri, na kila Ijumaa alikipaka kiboko chake mafuta ya nazi kisikauke.

Kwa siku tisini na moja Zawena alisema sifuri. Katika siku hizo mvua ilinyesha siku thelathini na tatu. Akapewa cheti cha usahihi wa asilimia mia, wa kwanza katika historia ya chuo, na alikipokea akiwa amelowa chapachapa, kwa sababu hafla ilifanyika uwanjani na hakuna aliyethubutu kuja na mwavuli.

Jioni mama yake alimpigia simu.

"Mwanangu, nakusikia redioni unasema jua."

"Ndiyo, mama."

"Huku nimeweka ndoo tatu chini ya bati linalovuja."

Mtu wa tatu, yule anayesikiliza simu za watu, akakohoa kwenye laini.

"Ni jua, mama," alisema Zawena.

"Haya, mwanangu. Ni jua."

Zawena aliona aibu mpaka chakula kikamshinda. Aliitaka kazi ile ili aseme jambo moja siku moja, na sasa alikuwa amekuwa mtu wa sifuri, ana cheti na anapigiwa saluti getini.

*

Jumatatu moja, siku aliyokuwa akiingoja ikaonekana. Zawena aliendesha hesabu zake kwenye kompyuta mara elfu moja, kila mara akigeuza kidogo joto la bahari na nguvu ya upepo, ili aone kama matokeo yatabadilika. Katika mara elfu, mara mia tisa na themanini mvua kubwa ilishuka Bonde la Chungwe alfajiri ya Alhamisi. Wastani wake ulikuwa milimita mia moja na arobaini.

Alikimbia na mchoro hadi kwa Profesa Gwandumi. Mzee akaushika, akauleta karibu na macho, na kwa nukta chache akawa mwanafizikia tena. Kidole chake kilifuata mstari ukipanda, kikasimama pale juu kabisa.

"Umekosea," alisema.

"Wapi, Profesa?"

"Kuniletea." Akaikunja karatasi, akaitia mdomoni, akaitafuna, akaiteremsha kwa chai.

"Profesa, mama yangu yuko kule. Niwaambie wahame?"

"Kuhama ni kuanua nguo kwa miguu. Watapigwa risasi barabarani kabla hawajafika darajani. Ni jeshi peke yake linaloweza kuwatoa, na jeshi halimtoi mtu kwa sababu ya kitu ambacho hakitatokea." Akajifuta midomo. Meno yake yalikuwa ya bluu kwa wino. "Nenda kaseme sifuri, mwanangu."

Zawena hakwenda kusema sifuri. Alirudi kwenye kiti cha miguu mitatu akasoma Kanuni za Usahihishaji wa Kitaaluma, kurasa themanini na sita, ambazo hakuna aliyewahi kuzisoma kwa sababu wote waliozihitaji walikuwa tayari wamelazwa kifudifudi. Kifungu cha arobaini na moja kilisema hivi: kosa likizidi viboko elfu kumi, wakazi wote wa eneo lililotajwa katika utabiri wataletwa na jeshi chuoni siku moja kabla, wakiwa na vyombo, mifugo na chakula cha siku zote za usahihishaji, ili washuhudie na kufundishika. Kifungu cha arobaini na mbili kilisema kwamba mtabiri akichapwa zaidi ya haki yake, viboko vilivyozidi vitarudi kwa walioviagiza. Hicho hakikuwahi kutumika. Hakuna aliyebaki na pumzi ya kukidai.

Chuo kilikuwa juu ya kilima. Maji ya bondeni yasingefika hata kwenye ngazi ya kwanza.

Akachukua kalamu. Mia na arobaini mara mia na arobaini. Kiboko kimoja kila dakika, ndivyo kanuni ilivyosema, kuanzia saa moja asubuhi. Ukuta, kwa hesabu zake, ungekwenda kabla ya saa tatu. Hiyo ni viboko mia na ishirini, na Profesa Kilewela alifika mia mbili na kumi na mbili, tena alikuwa na pumu. Kama kiboko kingesimama ukuta ukienda, basi, kwa hesabu angeweza kubaki hai. Alilia kidogo, kwa sababu mgongo alikuwa nao mmoja tu. Kisha akapiga moyo konde, na Jumanne akaenda redioni.

"Alhamisi," alisema kwenye taarifa ya saa sita mchana, "Bonde la Chungwe, milimita mia moja na arobaini."

Mtangazaji akazimia juu ya maikrofoni.

*

Walimleta kwa Waziri kwa kumviringisha ngazi kumi na nne za jengo la utawala, kisha wakamwokota wakamkalisha. Mheshimiwa Sudi Mkamba alikuwa na huzuni ya kweli.

"Dakta, Alhamisi kopo litasoma sifuri. Ufunguo ninao mimi."

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Kwa hiyo umekwisha kukosea."

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Na unajua ni vingapi?"

"Elfu kumi na tisa na mia sita," alijibu Profesa Gwandumi kutoka pembeni.

Waziri akapiga mluzi. Hiyo ilikuwa rekodi. Alianza kufikiria wageni waalikwa, mahema, bendi ya polisi. Ndipo Profesa aliposema, akiitazama dari, haraka haraka kama mtu anayetema kitu cha moto: "Kwa kiasi hicho, Mheshimiwa, kifungu cha arobaini na moja kinataka wakazi wote wa bonde waletwe huku. Wote. Kuanzia kesho. Ni lazima. Tusipofanya hivyo, usahihishaji utakuwa batili."

Hakumtazama Zawena hata mara moja. Zawena ndiye aliyemtazama, na akaona bado ana wino kwenye fizi.

"Waletwe," alisema Waziri. "Tena asikose mtu. Watu hawapendi taaluma, ni lazima wasukumwe."

Wakasukumwa. Jumatano kutwa malori ya jeshi yalipanda na kushuka. Milango iliyochelewa kufunguliwa ilivunjwa. Mzee mmoja aliyedai mgonjwa alipakiwa na kitanda chake, na aliyedai kitanda hakitoki alivunjwa mkono ili kitoke. Waliosema hawana haja ya kushuhudia walipigwa mateke mpaka wakawa na haja. Mbuzi walipakiwa, kuku walifungwa miguu, sufuria ziligongana, watoto walihesabiwa wakarushwa juu kama mizigo. Aliyebaki bondeni jioni ile alikuwa paka mmoja, na huyo pia askari walimfukuza nusu saa.

Kutoka dirisha lenye nondo Zawena aliona lori la mwisho likimshusha mama yake. Bi Mosi alikuwa amekataa katakata kwenda kumtazama mwanawe akichapwa, kwa hiyo askari wawili walimshusha kwa kumburuta, kanga imemtoka kichwani, goti linavuja damu. Nyuma yake Bi Hadiya alitupwa chini na furushi lake. Zawena akashika nondo kwa mikono miwili. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kufurahi kumwona mama yake akiburutwa.

*

Mvua ilianza alfajiri, ikaanza kubwa. Watu elfu arobaini na moja walisimama uwanjani wakilowa, maana waliokuja na turubai walinyang'anywa kwa kosa la utabiri. Moto wa uji ulizimika kabla haujashika, na sufuria zikabaki tupu, wazi, juu ya mafiga.

Saa moja kamili maprofesa waliingia kwa maandamano, majoho yakiwaganda miguuni. Bendi ilipiga. Waziri akasoma hotuba chini ya mvua, karatasi ikimlowea mkononi.

"Ndugu wananchi, leo ni siku ya jua. Mtu mmoja amesema uongo juu ya anga lenu. Anga limemsamehe. Serikali haijapata nafasi."

Wakamlaza Zawena juu ya benchi. Bwana Njaidi akamwinamia sikioni. "Utaniwia radhi, dakta. Nitajitahidi kufuata vipimo."

Kisha akaanza, na kwa sauti ya karani akahesabu.

Sitasimulia kila kimoja. Cha kwanza kilimtoa Zawena sauti ambayo hakujua anayo. Kufikia cha ishirini gauni lilikuwa limechanika. Kufikia cha arobaini hapakuwa na tofauti kati ya gauni na mgongo. Mvua iliosha, kiboko kikachafua, mvua ikaosha. Bi Mosi alipiga yowe mpaka askari akamziba mdomo kwa mkono wake, naye akaung'ata mkono ule, askari akampiga ngumi ya tumbo. Cha sitini Zawena alizimia, wakamwamsha kwa maji ya ndoo, ingawa maji yalikuwa kila mahali. Cha sabini alianza kuhesabu pamoja na Njaidi. Hakuwa akihesabu viboko, alikuwa akihesabu dakika.

"Themanini na saba," alisema Njaidi. "Themanini na nane."

Ndipo bonde lilipolia.

Mlio ulianza chini ya miguu kabla haujafika masikioni. Watu wakageuka. Ukuta wa Bwawa la Shukrani ulifunguka katikati, na maji yakatoka yamesimama wima, ya rangi ya kahawa, yakibeba miti, yakameza nyumba ya kwanza, ya pili, ya tatu. Msikiti, shule, kituo cha doria, daraja. Kwa muda wa kula ndizi moja bonde zima likawa ziwa, na juu yake hapakuwa na mtu hata mmoja anayepunga mkono. Wote walikuwa kilimani, na sufuria zao, wakitazama.

Njaidi aliteremsha kiboko.

"Nyumba yangu," alisema. "Jiko nililijenga mwezi wa jana."

"Endelea," alisema Waziri.

"Mheshimiwa, bonde..."

"Bonde liko pale pale, chini ya maji. Kopo linasema nini?"

Afisa akakimbia bustanini, Waziri akamrushia ufunguo, kifuniko kikafunguliwa na kufungwa upesi. "Sifuri, Mheshimiwa!"

"Umesikia. Themanini na tisa."

Njaidi hakuinua mkono. Watu wakaanza kusogea, hatua moja tu. Waziri akatazama juu, akamwona adui aliyemzoea. "Pigeni wingu!" aliwapigia askari kelele. Askari, kwa mazoea, wakafyatua risasi angani. Risasi zilikwenda juu, zikafanya kazi yake, zikarudi. Saba walianguka palepale, pamoja na mpiga tarumbeta wa bendi na mwanamke aliyekuwa amembeba mtoto mgongoni. Mtoto alibaki akilia juu ya maiti.

Hapo tena hakukuwa na cha hotuba wala itifaki. Watu elfu arobaini na moja waliwaangukia askari sitini. Walitumia mafiga, michi, vyuma vya vitanda, vifuniko vya sufuria. Yule aliyemng'oa Bi Hadiya meno alijaribu kujitambulisha kwamba yeye ndiye aliyemwingiza barazani asilowe. Bi Hadiya alimkumbuka vizuri, akampiga kwa mchi wa kinu mpaka akaacha kujitambulisha. Saa nne, mvua ilipokatika, bunduki zote zilikuwa chini na askari wengi walikuwa chini pamoja nazo.

*

Bi Mosi alikipakata kichwa cha mwanawe. Alimfunika mgongo kwa kanga, kanga ikanywa damu, akaweka nyingine.

"Mama," alisema Zawena kwa sauti ndogo, "sufuria yako iko wapi?"

"Sufuria ya nini sasa, mwanangu?"

"Iliyokuwa wazi tangu alfajiri. Rula iko mfukoni mwangu. Isimamishe ndani."

Bi Mosi alidhani homa imempanda, lakini akafanya. Akasoma kwa kidole: sentimita kumi na tatu, na vijistari saba. Jirani yake akaomba rula. Kumi na tatu na sita. Mwingine, kumi na tatu na nane. Rula ikapita mkono kwa mkono uwanja mzima, na kila sufuria ya ubavu ulionyooka ilitoa jibu lile lile, kasoro kijistari kimoja hapa, kimoja pale. Zawena hakuwahi maishani mwake kuona vipimo vingi hivyo vikikubaliana. Alitabasamu, midomo imepasuka.

"Mia moja thelathini na saba," alisema. "Nimekosea tatu."

"Tatu mara tatu," alisema Bwana Njaidi, ambaye kazi haikuwa imemtoka, "tisa. Umechapwa themanini na nane. Vimezidi sabini na tisa." Akatoa kitabu cha Kanuni mfukoni, kimelowa, akasoma kifungu cha arobaini na mbili kwa sauti.

Umati ukapiga vigelegele. Watu wale waliletwa pale wafundishike, na walikuwa wamefundishika. Waziri na Profesa Gwandumi wakalazwa kwenye benchi, mmoja baada ya mwingine. Sabini na tisa haigawanyiki kwa mbili, kwa hiyo Waziri akapewa arobaini na Profesa thelathini na tisa, kwa kuzingatia vyeo.

"Profesa hapana," alisema Zawena. "Profesa ndiye aliyewaleta. Msikilizeni. Ni yeye aliyewaleta huku."

Lakini sauti yake haikufika hata kwenye mafiga ya pili. Profesa hakujitetea. Alipofungua mdomo kwenye kiboko cha kwanza, watu walioko mbele waliona meno ya bluu, wakacheka. Elfu arobaini na moja walihesabu kwa sauti moja, wala hawakuzidisha hata kimoja. Waziri alitoka pale akitambaa. Profesa alikuwa na miaka sabini na moja, akaishia kwenye cha thelathini na tatu. Wakamletea kiti cha ofisini cha Zawena, cha miguu mitatu, na vile sita vilivyobaki vikachapwa kiti.

Mchana redio ya taifa ilitangaza kwamba chuo kikuu kilikuwa na mhadhara wa hadhara uliohudhuriwa na watu elfu arobaini na moja, wengi kuliko mhadhara wowote duniani, na kwamba jua lilikuwa zuri.

Bwana Njaidi alichoka, mkono umevimba. Akatafuta mahali pa kuketi, na kwa kuwa ardhi ilikuwa tope akamwomba Bi Hadiya amshikie kiboko. Bi Hadiya akakipokea. Akakipima uzito, kama mtu anayechagua mwiko sokoni.

Watu walikuwa wamemzunguka Zawena. Walimletea maji, walimletea nguo, wengine waligusa miguu yake kwa heshima. Hawakuwa na nyumba tena, walikuwa na sufuria na mbuzi na kilima. Yaliyopita walikwisha kuyamaliza. Walilotaka kujua sasa lilikuwa jambo dogo tu, la kawaida, ambalo kwa miaka yote hawakuruhusiwa kuuliza.

"Na kesho, dakta?" aliuliza mmoja. "Kesho itanyesha?"

Zawena alifumba macho, akakumbuka michoro yake, joto la bahari, upepo. Alikuwa amechoka kusema sifuri na alikuwa amechoka kusema mia. Mara hii, alijiambia, atasema vile ilivyo.

"Asilimia sabini," alisema.

Bi Hadiya akasogea, kiboko mkononi, uso wake wa siku zote, ule uliomlea. Upepo ulipita kwenye pengo la meno yake manne.

"Na thelathini iliyobaki, mwanangu," aliuliza, "ni ya nani?"